Je, Wajua? Insha Nayo Ina Mkuku

Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, mkeka husukwa. Chombo cha baharini huundwa. Kwa watu wa pwani kitenzi "kuunda" ni mali ya fundi wa majahazi kabla ya kuwa cha mtu mwingine yeyote, na ndicho kilichotuzalia neno "muundo". Mwalimu anapoandika ubaoni "muundo wa insha", huwa amewaita wanafunzi wake ufukweni bila wao kujua.

Twende basi, maana lipo la kuona. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, au Matondoni katika kisiwa cha Lamu, fundi huunda jahazi bila mchoro wa karatasi. Vipimo viko kichwani na mkononi. Lakini utaratibu wa kazi hauchezewi. Mkuku hulazwa kwanza, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Fashini za mbele na nyuma husimamishwa. Mbao za ubavu hupanda, mataruma yakazishika kwa ndani. Kalafati, ile pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye nyufa, husubiri mpaka mwili wa chombo ukamilike. Tanga ndilo la mwisho.

Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, za kidato cha tano na sita na baadaye za chuo, na kasoro ninayokutana nayo kuliko zote ni hii: insha imeanza na tanga. Methali nzuri, sentensi mbili za kupendeza kuhusu umuhimu wa lugha kwa binadamu, kisha kurasa tatu zinazoelea. Mkuku, yaani lile dai moja ambalo mwandishi yuko tayari kulitetea, unajitokeza aya ya mwisho, au haujitokezi kabisa.

Maneno yenyewe yanafundisha

Je, wajua kuwa karibu kila neno tunalotumia kwa kazi hii limebeba somo ndani yake? "Insha" tumeipata kwa Waarabu, na kwao ni kuanzisha na kusimamisha kitu. Neno hilohilo hutumika kwa ujenzi wa majengo. "Rasimu" ni mchoro. "Hoja" inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ushahidi, kitu cha kumthibitishia anayekupinga, kwa hiyo maoni matupu hayajafikia kuitwa hoja. "Tasnifu", ile kazi ndefu inayowanyima usingizi wanafunzi wa uzamili, mzizi wake ni kupanga vitu kwa aina zake. Aliyekusanya taarifa nyingi bila kuzipanga bado hajaanza kuandika tasnifu, hata kama ameshajaza daftari sita.

Neno ninalolipenda zaidi ni "aya". Kwa Kiarabu ni ishara, alama. Wagiriki wa kale nao, ambao hawakuwa na mazoea ya kuacha nafasi kati ya aya na aya, walichora kistari kifupi pembezoni kuonyesha kuwa jambo limegeuka, wakakiita paragraphos, yaani kilichoandikwa kando. Neno la Kiingereza la aya limetoka huko. Jamii mbili tofauti zimekutana kwenye wazo moja: aya ni alama inayomwambia msomaji kuwa sasa tunageuka.

Aliyeweka kanuni za aya kwa namna inayofundishwa madarasani hadi leo ni Alexander Bain, profesa wa Chuo Kikuu cha Aberdeen huko Uskoti, katika kitabu chake cha mwaka 1866. Alitaka kila aya ishike jambo moja, na sentensi ya mwanzo imwonyeshe msomaji jambo hilo ni lipi. Wapo waandishi wakubwa wasiomfuata, na hawakosei. Lakini kwa anayejifunza, kuna jaribio rahisi linalotokana na mawazo yake: chukua rasimu yako, na pembeni mwa kila aya andika kwa maneno matano inafanya kazi gani. Angalia, ni kazi inayofanya, siyo mada inayogusa. Ukiandika "inaonyesha udhaifu wa dai la kwanza", uko salama. Ukiandika "inahusu historia", aya hiyo ni abiria asiye na tiketi.

Sehemu ngapi?

Mapokeo ya Kigiriki yanamtaja Korax wa Sirakusa, kisiwani Sisilia, kuwa mtu wa kwanza kuigawa hotuba katika sehemu. Ilikuwa karne ya 5 KK. Watawala wa mabavu walikuwa wameangushwa, na watu walikuwa wakidai mahakamani mashamba waliyokuwa wamenyang'anywa. Mkulima ambaye hajawahi kuhutubia alihitaji kujua aanze wapi na amalizie wapi. Kama mapokeo hayo ni kweli, basi mpangilio wa utangulizi, kiini na hitimisho una asili yake kwenye mgogoro wa ardhi, jambo ambalo msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wake.

Baadaye sehemu zikaongezeka. Cicero, akiwa bado kijana huko Roma, aliandika kitabu kinachotaja sita. Lakini Aristotle alikuwa ameshasema kabla yake kuwa sehemu za lazima ni mbili tu: kusema jambo lako ni lipi, na kulithibitisha. Mimi niko upande wa Aristotle. Mwanafunzi mwenye dai na uthibitisho anaweza kufundishwa utangulizi kwa nusu saa. Mwenye utangulizi pekee atahitaji muhula mzima.

Insha ya miguu minane

Je, wajua kuwa kuna nchi ambayo kwa mamia ya miaka insha moja ya umbo maalumu iliweza kumtoa mtu shambani na kumfikisha kwenye utumishi wa serikali? Ni China, wakati wa enzi za Ming na Qing. Insha hiyo iliitwa ya miguu minane. Mada ilitolewa katika Vitabu Vinne vya mafundisho ya Confucius, wakati mwingine kifungu kifupi tu. Mtahiniwa alianza kwa "kuivunja mada", yaani kusema kwa sentensi mbili tu kiini chake ni nini. Halafu aliijenga hatua kwa hatua mpaka kufikia miguu yenyewe, jozi za vifungu vinavyolingana kwa urefu na kwa mpangilio wa maneno, kama mishororo ya shairi letu la vina na mizani. Katika enzi ya Qing kikomo cha insha kilifika herufi 700 hivi.

Chumba cha mtihani kilikuwa kijumba kidogo ambamo mtu alifanyia kazi na kulala humohumo kwa siku kadhaa. Ukumbi wa mitihani wa Nanjing ulikuwa na vijumba zaidi ya 20,000. Mtahiniwa aliandika kwa wino mweusi, kisha makarani waliinakili kazi yake kwa wino mwekundu, ili msahihishaji asiutambue mwandiko na kumpendelea mtu wake.

Mitihani hiyo ilifutwa mwaka 1905, na insha ya miguu minane ilikuwa imeshaondolewa kabla yake kidogo, ikilaumiwa kuwa imefunga akili za wasomi kwenye umbo. Lawama hizo ninazielewa, kwa sababu umbo linaloamua hata idadi ya miguu linamwachia mwandishi nafasi ndogo ya kufikiri. Ila lile zoezi la kuivunja mada ningelirudisha kesho asubuhi katika kila darasa: sentensi mbili, kabla ya kitu kingine chochote, za kueleza swali linataka nini. Anayeshindwa kuziandika hajalielewa swali, na ni heri alijue hilo dakika ya tatu kuliko ukurasa wa tatu.

Dibaji haikuletwa na shule

Wapo wanaodhani kuwa kupanga maandishi tumefundishwa na wakoloni. Wausome utenzi. Mtunzi wa utenzi wa zamani hufungua kwa kumtaja Mungu, huomba wino na karatasi, hueleza anataka kusema nini na kwa nani, ndipo huingia kwenye jambo lenyewe. Mwishoni hujitaja na mara nyingi hutaja tarehe na idadi ya beti. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, alifuata njia hiyo: alimwita mtoto akae karibu na vifaa vya kuandikia. Msomaji anajua mapema nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini. Ni mambo hayohayo matatu ninayoyatafuta katika utangulizi wa insha ya mwaka wa kwanza.

Naye Shaaban Robert, mwaka 1954, alichapisha kitabu akakiita *Kielezo cha Insha*. Mshairi mkubwa kuliko wote wa zama zake aliona fahari kuliweka neno hilo kwenye jalada.

Swali moja, mipango miwili

"Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Jadili." Waliosoma Kiswahili sekondari Tanzania wengi wao wamekutana na swali hili kwa sura moja au nyingine. Tazama linavyojibiwa kwa kawaida. Aya ya kwanza, maana ya lugha. Aya ya pili, maana ya Kiswahili. Halafu nadharia zinapangwa foleni: Kiswahili ni pijini, Kiswahili ni krioli, Kiswahili ni Kiarabu, Kiswahili ni Kibantu. Kila moja ina aya yake, zote urefu sawa, na mwisho "hivyo basi Kiswahili ni Kibantu". Hamna uongo humo. Ila nadharia zimekaa kama abiria wa daladala ya alfajiri, kila mmoja anatazama dirisha lake, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Sasa tulaze mkuku kwanza. "Jadili" inataka upime pande zinazopingana na utoe uamuzi. "Eleza" ingetaka kingine, "linganisha" kingine, "tathmini" kingine. Uamuzi wetu tuuandike kwa sentensi moja: Kiswahili ni Kibantu kwa sababu sarufi yake ni ya Kibantu, na maneno ya kigeni yaliyoingia yamelazimika kuitii sarufi hiyo.

Sentensi hiyo imeshaipanga insha. Nusu yake ya kwanza inadai ushahidi wa sarufi: ngeli, upatanisho, vitenzi vinavyobeba viambishi mbele na nyuma. Hapa ndipo anapofaa kutajwa Malcolm Guthrie, aliyeziainisha lugha za Kibantu na kukiweka Kiswahili katika kundi la G40. Nusu ya pili inamwita mpinzani mwenye nguvu kuliko wote, yule anayesema "mbona Kiswahili kimejaa Kiarabu?", na inampa jibu.

Jibu lenyewe ni tamu. Chukua "kitabu". Kwa Mwarabu ni *kitab*, wingi *kutub*. Ile k ya mwanzo ni sehemu ya mzizi na haibanduki. Mswahili aliposikia "ki" mwanzoni aliipokea kama kiambishi cha ngeli ya ki-vi, akasema "vitabu". Miaka mingi baadaye Kiingereza kikaleta *club*, nayo ikawa kilabu, vilabu. Au chukua "walisafirishwa". Mzizi umetoka Uarabuni, lakini umezungukwa: wa- ya nafsi, -li- ya wakati, -ish- ya kusababisha, -w- ya kutendwa, -a ya mwisho. Mgeni amevalishwa nguo za mwenyeji kuanzia kichwani hadi miguuni. Kwa hiyo wingi wa maneno ya Kiarabu, ambao mwanafunzi wa mpango wa kwanza aliuona kama tishio akaupitia haraka, unageuka kuwa ushahidi bora kuliko wote wa upande wetu. Ugunduzi huo umetoka kwenye mpango. Mwenye foleni ya nadharia hakuwa na mahali pa kuuona.

Na msafiri Ibn Battuta? Wanafunzi humpenda sana na humweka mbele. Alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika juu ya mji na watu wake. Hakuandika juu ya ngeli. Katika mpango wetu anapata sentensi moja kwenye aya ya historia, au abaki nje. Kumwacha nje mtu mashuhuri kiasi hicho kunauma, na ni sehemu ya kazi.

Aliyempa mpinzani sura nzima

Charles Darwin alichora nadharia yake kwa penseli mwaka 1842, kurasa 35. Mwaka 1844 rasimu ikawa na kurasa 230. Kitabu chenyewe juu ya asili ya spishi kilitoka mwaka 1859, kikiwa na sura 14, na sura ya 6 yote aliitenga kwa matatizo ya nadharia yake mwenyewe, pamoja na lile gumu la jicho: kiungo chenye ustadi kiasi hicho kilipatikanaje hatua kwa hatua? Angalia alivyoiweka. Hakuificha mwishoni, ambako msomaji ameshachoka, wala hakuanza nayo kabla ya kujieleza. Aliiweka pale ambapo msomaji makini angeanza kuuliza maswali hayo mwenyewe.

Dakika nane

Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, karatasi ya Insha ya Kiswahili hupewa saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Ni kama dakika 52 kwa kila insha. Ukitumia dakika 8 kupanga, zinabaki 44, na maneno 400 ndani ya dakika 44 hayafiki hata 10 kwa dakika. Muda upo. Kinachokosekana ni ujasiri wa kukaa bila kuandika wakati kalamu za wenzako zinakwaruza karatasi pande zote.

Mtafiti wa Marekani Ronald Kellogg alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1988. Walioandaa mpango wa maandishi kabla ya kuanza walitoa kazi bora kuliko wasioandaa, ilhali kuanza na rasimu ya ovyo au na rasimu nadhifu hakukuleta tofauti. Mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliufikisha mpango mbali zaidi. Aliacha visanduku vyenye kadi zipatazo 90,000 zilizoandikwa mawazo yake, kila moja na namba iliyoruhusu kadi mpya kupachikwa kati ya mbili za zamani.

Mkasi

Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, alipanga kuandika kitabu cha kuitetea dini yake. Aliandika mawazo kwenye karatasi kubwa, akazikata vipande kwa mkasi, akavitoboa na kuvifunga kwa uzi katika mafungu yenye vichwa vya habari. Akafariki mwaka 1662 kitabu kikiwa bado mafungu. Kilichapishwa mwaka 1670, na wasomi wanajadiliana mpaka leo kipande kipi kilipaswa kufuata kipi.

Niliwahi kumsimulia habari hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeniletea rasimu kuhusu vijiji vya ujamaa, akilalamika kuwa "inasomeka vibaya lakini sijui kwa nini". Tukaichapa upya kwa upande mmoja wa karatasi. Akakata aya zote, kumi na moja, tukazitandaza sakafuni.

Ndani ya dakika chache aliona kuwa aya ya 9 ndiyo inayojibu swali, akaisogeza mwanzoni. Mbili zilikuwa zinasema jambo moja, akaweka moja juu ya nyingine. Ya maana ya neno "sera" akaisukuma kando kwa mguu. Zilizobaki akazipanga kwa mfuatano, akasimama, akazitazama kwa muda mrefu.

Kipande kimoja kiliishia mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, wananchi wakihimizwa kuhamia vijijini kwa hiari. Kilichofuata kilianza mwaka 1973, kuhama kukiwa amri. Kati yake alikuwa ameacha nafasi ya upana wa kiganja, sakafu tupu.

"Mwalimu, hapa," akasema, akiinama na kuweka kidole. "Miaka sita. Sijasema kilitokea nini mpaka hiari ikawa lazima."

Akaviacha vipande kama vilivyokuwa, akachukua daftari, akashuka maktaba.